Maswali ya Asubuhi, Sifa za Jioni

Shemeji yangu yuko Newala anabangua korosho kwa shangazi yake. Saa hizi alitakiwa awe anajiandaa kuingia chuo cha uuguzi. Nauli ya basi alitoa baba yake, lakini aliyempeleka huko ni mie. Msimtafute mwingine.

Nimeandika haya nikafuta, nikaandika tena. Nikisoma naona kama najitetea. Nikiondoa pale ninapojitetea, naona kama nawasingizia wengine. Shule yangu ni darasa la saba na miezi michache ya kidato cha kwanza, kwa hiyo nikipinda mtanisamehe. Majina nimeyabadilisha. Kosa nimeliacha kama lilivyo.

Mie ni fundi cherehani, Mbagala. Nashona sare za shule, kanzu, na vitenge vya kina mama wenye shughuli. Kibandani kwangu kuna redio, nikifungua mlango naiwasha, nikifunga naizima. Asubuhi kuna kipindi cha chemsha bongo. Mtangazaji anauliza swali, anapiga wimbo, wimbo ukiisha anataja jibu. Mara sayansi, mara jiografia, mara muziki na michezo. Jioni kipindi kilekile kinarudiwa, maswali yaleyale, nyimbo zilezile.

Jamani, hapo ndipo nilipoponzeka!

Mke wangu nitamwita Mwajuma. Wakati huo alikuwa mchumba tu. Baba yake ni fundi seremala kule Keko, Mmakonde, mtu wa heshima zake, kitanda akikichonga yeye unaona vibaya kukilalia. Kutwa yuko katikati ya mlio wa mashine za randa, hasikii kitu mpaka umguse bega. Akirudi nyumbani anaoga, anaswali magharibi, anatoa kiti uani, anawasha redio. Kipindi kinakuwa kimeshaanza. Mwanzoni kabisa mtangazaji husema kwamba haya ni marudio ya asubuhi, lakini mzee hajawahi kuusikia huo mwanzo, maana unamkuta kwenye mswala. Kwa hiyo redio haikumdanganya. Na yeye hakuwa mjinga.

Nilikwenda kwake kumpima kanzu. Ilikuwa njia yangu ya kujisogeza, maana habari zangu alikuwa nazo na hakuzipenda. Alishamwambia Mwajuma, "Fundi cherehani! Atakulisha nyuzi?"

Nimeshika tepu mgongoni kwake, redio ikauliza: mnyama gani wa baharini mwenye mioyo mitatu?

Nikasema, "Pweza."

"Umesemaje?"

"Pweza, baba."

Wimbo ukaisha, mtangazaji akasema pweza. Mzee akageuka na tepu yangu shingoni. Likaja la mji mkuu wa Australia. Asubuhi, peke yangu kibandani, nilikuwa nimesema Sydney nikaumbuka. Sasa nikasema Canberra.

"We kijana, umesoma wapi wewe?"

Naapa, mdomo ulishafunguka niseme, "Nimeyasikia asubuhi, baba." Lakini mzee alishaanza kuita, "Mama Mwajuma! Njoo umwone mtu huyu!" Na Mwajuma mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, anatabasamu. Nikaufunga mdomo. Siku ile ningesema tungecheka, tungekunywa chai, yakaisha. Siku ile ilikuwa bado si uongo. Ulikuja kuwa uongo kesho yake, niliporudi na kanzu jioni, saa ya kipindi, makusudi.

"Huyu hakuikosa shule," mzee alimwambia mshenga wangu siku ya posa. "Shule ndiyo iliyomkosa huyu."

Akanipa jina la Profesa. Tulipooana akasema, "Profesa wangu hawezi kupanga kwa watu na mie vyumba ninavyo." Tukahamia kwake. Alinipa chumba kwa moyo mweupe kabisa, hilo naliandika ili lijulikane. Ila tangu siku ile sikuwa tena na pa kukimbilia. Kila jioni, nipo. "Profesa! Wameanza!" Majirani wakaanza kuja na viti vyao, na mafundi wenzake wa Keko. Wengine najiuliza kama walijua wakanyamaza. Sina ushahidi, nisiwasemee.

Asubuhi nilikuwa nakwenda kibandani kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Mteja akija kipindi kikiwa hewani, namwonyesha kidole asubiri. Shati la mwalimu mmoja nilikata mikono yote miwili ya kushoto, kwa sababu nilikuwa nakariri mito. Siku moja betri za redio zilikufa katikati ya kipindi. Jioni nikajidai tumbo linauma, nikajifungia chooni. Mzee akanifuata hadi mlangoni.

"Profesa! Wanauliza kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini! Mie nimesema ini! Ni ini?"

Nikamwaga kopo la maji asikie niko kazini.

"Muacheni," nikamsikia anawaambia watu. "Hata profesa ana tumbo." Wakacheka kwa mapenzi. Na jibu lilikuwa ngozi. Nililijua baada ya wimbo kwisha, kama kila mtu.

Waliofungwa Ukonga angalau wanahesabu siku za kutoka. Mie nilijifungia mwenyewe, na ufunguo nikaushika mwenyewe, na bado sikutoka!

Sasa nimfikie Tatu.

Tatu ni mdogo wa mwisho wa mke wangu. Alimaliza kidato cha nne, akapungukiwa kidogo kwenye Biolojia na Kemia. Alitaka uuguzi, alikuwa haongei kingine. Bila alama za kutosha kwenye hayo masomo mawili chuo hawakupokei. Kwa hiyo alikuwa anajiandaa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kila siku alikwenda twisheni. Walimu wake walimsifu, na mwenyewe alikuwa anarudi anaimba.

Jioni moja, mbele ya watu wote, nimetoka kujibu swali la ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, mzee akapiga paja.

"Hivi twisheni ya nini? Mtu anatoka kutafuta maji na kisima anacho uani!" Akanigeukia. "Profesa, Tatu unamuweza?"

Nikasema, "Namuweza, baba."

Ndilo hilo. Mengine yote mnaweza kuniita mjinga tu, au mwoga. Lakini pale niliulizwa swali langu mwenyewe, jibu nilikuwa nalijua, na nikasema uongo.

Tukaanza kukaa chumba cha mbele, kwenye meza aliyoichonga mzee mwenyewe. Tatu akafungua kitabu. Kiingereza kuanzia juu hadi chini! Sekondari wanasoma kwa Kiingereza, nilijua, lakini nilikuwa sijawahi kukaa mbele yake hivyo. Redio yangu inauliza kwa Kiswahili.

"Shem, hapa wanasemaje?"

Nikavuta kitabu kama mtu asiyeona vizuri. "Hapa... hapa wanazungumzia moyo." Kulikuwa na picha ya moyo.

"Moyo najua. Wanasemaje?"

"Pweza ana mioyo mitatu," nikasema.

Tatu akanitazama. "Kwa nini mitatu?"

Redio haisemi kwa nini. Redio inapiga wimbo.

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Mie namwaga majibu, yeye anatafuta maelezo. Siku moja akaweka kalamu chini, akaniambia taratibu, bila dharau, "Shem, wewe unajua vitu vingi, kila kimoja kidogo. Mtihani wanachukua kitu kimoja wanataka ukichimbe hadi chini. Halafu kwa Kiingereza. Nakuomba, mwambie baba una kazi nyingi. Mwambie sare za kufungulia shule. Sema chochote nirudi twisheni."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Tatu alimwambia baba yake mwenyewe, mzee akamjibu kwamba anataka kuzurura tu. Nilikuwa nimekaa hapohapo nakunywa uji. Nikaendelea kunywa uji.

Halafu akajua.

Mwajuma alimtuma aniletee chapati kibandani asubuhi. Redio ilikuwa inauliza: nchi gani ya Afrika imezungukwa na nchi moja tu pande zote? Mie bila hata kuangalia nani kaingia nikanyoosha kidole, subiri. Tatu akakaa kwenye benchi la wateja. Wimbo ukapigwa, ukaisha. Lesotho. Likaja la sayari yenye joto kali kuliko zote, watu hudhani ni ile iliyo jirani na jua, kumbe ni Zuhura. Likaja la kinanda cha piano kina vibonyezo vingapi, themanini na nane. Midomo yangu inarudia kila jibu. Nilipogeuka nikamwona.

"Kumbe," alisema. Basi, hilo tu. Akaweka chapati mezani akaondoka.

Jioni ile nilitamani mvua inyeshe watu wasije. Walikuja. Na Tatu akaja na kigoda chake, akakaa mbele kabisa. Nikasema moyoni leo naumbuliwa, na nitawaambia ukweli, kwa mbali nilifurahi. Nilichoka!

Redio ikauliza. Kabla sijafumbua mdomo, Tatu akasema, "Lesotho."

Watu wakaguna. Wimbo, jibu, Lesotho.

"Zuhura," akasema kwenye la sayari. "Themanini na nane," akasema kwenye la piano.

Nilielewa anachofanya. Alikuwa anasubiri baba yake aulize tu, umejuaje? Amjibu. Lakini mzee hakuuliza! Aliinuka kwenye kiti, akaja kunishika mikono yangu yote miwili, machozi yanamlengalenga.

"Profesa! Umenipikia mtoto ameiva! Jamani si mnaona? Ameiva!"

"Baba, haya maswali..."

"Nyamaza mwanangu, usijishushe. Mpe mwalimu wako mkono."

Wakapiga makofi. Tatu akanipa mkono. Ulikuwa baridi kama umetoka kwenye maji ya mtungi. Alitaka kunifungulia mlango, na mlango ukamfungia yeye. Baada ya jioni ile, nani angesikia neno twisheni tena?

Tulipokutana koridoni akaniambia, "Shem, mie nimejaribu. Akisikia kwangu ataona namkosea adabu mkwe wake. Sema wewe."

"Kesho," nikasema.

Kesho nilikuwa nazo nyingi sana, wallahi.

Sitaki msomaji adhani binti hakusoma. Alisoma. Aliazima makaratasi ya wenzake wa twisheni, akajisomea huku anapika, huku anafua. Lakini saa aliyotakiwa kuwa na walimu alikuwa na mie, ananisaidia kushona vifungo, tunajidai tunasoma ili mzee asikie sauti zetu.

Matokeo yalipotoka, mzee ana kisimu cha tochi, kwa hiyo akaniita mie mwenye simu kubwa. "Profesa, tusomee." Uani, mbele ya watu walewale, maana alikuwa ameshawaambia waje kusikia. Tatu alikuwa amesimama na sinia la vikombe.

Nikasoma. Biolojia, F. Kemia, F. Mara ya kwanza Biolojia alipata D, akakosa kidogo. Safari hii hata hapo hakufika.

Mzee hakufoka. Bora angefoka. Alikaa, akakuna goti, akasema, "Mwalimu mzuri, kichwa kibovu. Mbao ikiwa na fundo, fundi hana lawama." Halafu akaongeza neno moja ambalo hakuwa mtu wa kulitumia. Alisema, "Mbumbumbu."

Tatu hakumwangalia baba yake. Aliniangalia mie, na vikombe vinagongana kwenye sinia. Saa yangu ya kusema ilikuwa ile! Nikainamisha kichwa, nikajidai naangalia simu tena, labda nimesoma vibaya.

Kabla mwezi haujaisha alipelekwa Newala. "Akajifunze kazi ya mikono," mzee alisema. Aliniaga kama mtu mzima. "Baki salama, shem."

Sikulala vizuri tena. Nikamwambia mke wangu kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hiyo wewe ulinioa kwa majibu ya redio." Mpaka leo ananipikia, ananiamkia vizuri, lakini kuna kitu kimetoka na sijui nikiombe kwa jina gani. Haki yake.

Yeye ndiye aliyeniambia niende kwa baba yake. Nikaenda Keko mchana, saa ya chakula, mashine zimezimwa. Nikamwamkia, nikamweleza. Kipindi cha asubuhi, marudio, pweza, Tatu, yote. Mzee alikuwa na msasa mkononi, anasugua mguu wa meza. Hakuacha kusugua.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Tatu anajua, baba. Na Mwajuma."

"Basi iishie hapo."

"Lakini Tatu, baba..."

"Unawaona hawa?" Akanionyesha mafundi wenzake wanakula. "Wote nimewaambia habari zako. Imamu nimemwambia. Leo nisimame niwaambie nini? Kwamba mie mzee mzima nilichezewa na redio?"

Msimwone mbaya. Jioni ileile alimpigia binti yake simu mbele yangu. Akamwambia arudi, atamlipia twisheni, usajili wa mtihani haujafungwa. Hakumwambia kwa nini. Tatu si mtoto, akajua.

Simu ilikuwa kwenye spika. "Baba, uliniita mbumbumbu mbele za watu. Sema mbele ya watu walewale kwamba siyo. Ukisema, kesho yake napanda basi."

"Huyu mtoto hana adabu," mzee akasema, akanirudishia simu yangu.

Nikaona basi, niseme mie. Jioni iliyofuata watu wamejaa, redio inauliza, mzee yuko kwenye kiti chake. Nikasimama.

"Jamani, nina neno. Mie haya majibu nayasikiaga asubuhi. Kipindi kinarudiwa. Mie sijui kitu. Tatu amefeli kwa ajili yangu."

Fundi mmoja wa Keko akapasuka kicheko.

"Mnamsikia Profesa? Eti hajui kitu!"

"Msomi wa kweli hajisifu," akasema mwingine. "Anabeba lawama za mtoto wa watu. Mzee, hapa ulipata mkwe!"

"Nasema kweli! Fungulieni redio asubuhi msikie!"

"Nani ana nafasi ya redio asubuhi, Profesa? Kaa, bwana, kaa, unatukosesha swali!"

Nikamgeukia mzee. Aliyebaki wa kusema ni kweli alikuwa ni yeye peke yake. Neno moja tu, "kweli", na binti yake angekuwa njiani. Macho yetu yakakutana. Nikaona anataka. Naapa nilimwona anataka! Halafu akacheka na wenzake, kicheko kifupi, akainama kuongeza sauti ya redio.

Nikakaa.

Nilimpigia Tatu, nikamwambia nimesema, mbele ya walewale.

"Baba alisema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Kwa mara ya kwanza sikutaka.

"Alicheka."

Nikasikia korosho zinagongwa nyuma yake, na wanawake wanaongea Kimakonde. Kisha akakata simu. Usajili umefungwa wiki iliyopita. Hakurudi.

Nimejiuliza kama pale uani nilisema kwa sauti ya kutosha. Labda ningemshika mzee mkono. Labda ningebeba redio asubuhi hadi Keko. Sijui. Najua tu kwamba simlaumu kwa kicheko kile, maana mie nilicheka na watu miaka yote hiyo kabla yake. Na najua kwamba hata hapa nimeandika bila jina, kwa hiyo bado sijawa mwanamume wa kusimama mbele ya uongo wake mchana kweupe.

Wewe unayesoma, labda kuna mahali wanakusifu kwa kitu usichonacho. Kazini, ukweni, msikitini, kanisani, popote. Kusifiwa kunakupa raha, najua. Irudishe hiyo sifa leo, wakati ukisema watu bado wanakuamini. Ukichelewa utausema ukweli wakuite mnyenyekevu. Na angalia pembeni yako yuko nani, kwa sababu sifa ya uongo lazima ilipiwe, na anayeilipia mara nyingi ni yule aliyesimama na sinia, asiye na mtu wa kumsemea.